Idara ya Shangazi

Nilimpelekea mhariri kurasa zote za kitabu changu cha katuni, na alichonirudishia ni swali moja: Kwa nini? Aliliandika pembeni mwa ukurasa wa kwanza. Akaliandika tena pale shujaa wangu anapoitoroka idara ya ujasusi. Akaliandika kwa herufi kubwa zaidi chini ya picha niliyoipenda kuliko zote, ile ya shujaa amesimama juu ya ukuta wa Ngome ya Yesu, leso yake ikipepea nyuma. Kwa nini yuko juu ya ukuta? Kwa sababu anapendeza, bibi wee! Nilikaribia kumpigia simu nimwambie hivyo hivyo. Mimi hasira zangu ziko karibu, hupanda kama maziwa jikoni, na siku hiyo hapakuwa na wa kuepua.

Katuni za mashujaa nazipenda mapenzi ya wazimu. Nilizianza utotoni, vitabu vya mitumba vilivyong'oka majalada, tukivisoma mimi na mdogo wangu wa kike tumelala sakafuni chini ya pangaboi, vichwa vimegusana. Kurasa za mwisho mara nyingi zilikuwa zimechanika, basi tukajitungia miisho yetu. Nazipenda, na kwa hivyo nina haki ya kuzisema. Shujaa hufiwa na wazazi wake ukurasa wa pili, na ukurasa wa tatu ameshavaa nguo za kubana na kuruka dirishani. Hakulia, hakupokea wageni wa matanga, marehemu hawakusomewa hata khitima! Adui naye anataka kuiangamiza dunia nzima, na hakuna anayemuuliza kwamba akishaiangamiza yeye mwenyewe atakaa wapi.

Na zile idara za siri! Jumba refu kuliko minara yote ya mjini, limejaa watu wa suti nyeusi, na eti hakuna jirani anayelijua. Nani huwapikia? Stima ikikatika huwaje? Mkubwa wao hukaa gizani, akisema "dunia iko hatarini" wote huinuka mbio. Hakuna hata mmoja anayesema leo siwezi, mwanangu ana homa. Hawana cha kupoteza, ndiyo maana wakiokoka hatufurahi na wakifa hatuwalilii.

Hayo nilikuwa nikiyacheka miaka na miaka. Kisha nikakaa kuchora kitabu changu mwenyewe, nikayafanya yote.

Shujaa wangu ni mwanamke wa Mji wa Kale anayesikia mnong'ono wa kila nyumba, hata ukuta uwe mnene vipi. Wazo hilo nalionea fahari mpaka leo. Lakini idara inayomtuma niliiweka chini ya Ngome, katika vyumba vya vioo na taa za buluu, na wafanyakazi wake ni wanaume waliovaa suti, tai na miwani myeusi. Shangazi alipoiona picha hiyo alicheka hadi akashika mbavu. "Suti na jua hili? Hawa watakufa kabla hawajampeleleza mtu!" Na kwa nini shujaa anaitoroka idara? Kwa sababu idara ilimchomea nyumba. Kwa nini ilimchomea nyumba? Ehe. Hapo ndipo hata mimi nilipokuwa nikigeuza ukurasa haraka.

Shangazi huyu ni dadake baba, na ndiye mwenye amri nyumbani kwetu, nyumba ya ghorofa kwenye uchochoro ambao watu wawili wenye vikapu hawapishani. Wazazi wangu wako hai, wako Malindi, wana afya njema. Sina kisa chochote cha uyatima cha kumpa shujaa wangu. Mimi na mdogo wangu tunakaa chumba kimoja na tunafanya kazi kwenye meza moja. Mimi nachora, yeye anaandika maneno, kwa sababu mwandiko wangu ni nyayo za kuku na herufi zake zimejipanga kama safu ya sala. Kiti chake kiko upande wa dirisha, changu upande wa mlango. Kila nikimaliza kisanduku, huivuta karatasi, hukitazama kiputo kitupu mdomoni mwa mtu niliyemchora, na huniuliza swali lile lile: "Na hapa asema nini?" Sijawahi kumaliza ukurasa bila kuulizwa hivyo.

Basi katikati ya hasira zangu na mhariri, posa ikaingia.

Walikuja kina mama watatu na halua, wakiongozwa na mamake kijana mwenyewe. Mimi ndiye niliyewamiminia kahawa. Kijana ni fundi wa mafriji na mafeni, ana kibanda Tononoka, amepata kazi Maskati, na anataka kuoa kwanza ndipo asafiri na mkewe. Mdogo wangu alipoulizwa na shangazi, aliinamisha uso akaitazama miguu yake. Lakini mashavu yalikuwa yakimcheka.

Maskati! Nilielewa papo hapo. Akikubaliwa, meza yetu itabaki na kiti kimoja. Wala sitasema nilimfurahia. Sikumfurahia hata chembe. Nilikwenda jikoni nikaosha vikombe kwa vishindo mpaka shangazi akauliza kama navivunja au naviosha.

Lakini kwetu posa haijibiwi vivi hivi. Baba ndiye wa kusema ndiyo, na baba husema anachoambiwa na shangazi, na shangazi hasemi neno mpaka aulizie. Kuulizia ndiko kila kitu. Mposaji hutafutwa kwa majirani, msikitini, sokoni, kwa watu aliosoma nao, mpaka ajulikane ndani nje. Nami nimeyaona hayo tangu nizaliwe, kwa binamu zangu wote, na sikuwahi kuyatazama sawasawa. Safari hii nilikuwa nayatazama kwa wivu, na wivu unafungua macho.

Shangazi hakutoka ndani. Alikaa kibarazani pake juu, akatuma salamu. Muuza mbaazi na mahamri wa asubuhi alikwenda na swali, akarudi na jawabu. Mpaka hina wetu, bibi mmoja anayeingia nyumba zote kisiwani kuwapaka bibi harusi, alialikwa kunywa chai na akaondoka na kazi. Haukupita muda shangazi alikuwa anajua kama kijana huswali alfajiri na jamaa, kama anatafuna miraa, na kama timu yake ikifungwa pale uwanjani Tononoka hurudi nyumbani akicheka au akitukana. Hakuna suti wala kioo chenye taa za buluu, na hakuna kitu kilichoandikwa popote. Habari zote zilikaa kichwani mwake, chini ya mtandio.

Na sheria ya mwisho ndiyo kali kuliko zote: ila moja tu ikithibitika, posa hurudishwa kwa adabu na hakuna anayeelezwa sababu. Huambiwa "bado yuwasoma." Hata kama msichana hasomi chochote. Wenyewe huelewa, hushukuru, na mambo huishia hapo.

Siku moja baada ya adhuhuri shangazi aliniita.

"Wewe ndiwe utakayekwenda dukani kwake."

"Mimi? Kwani mpaka hina hakutosha?"

"Si wewe uchorao majasusi? Haya, kawe mmoja. Na mdogo wako asijue."

Wallahi, moyo ulinipiga! Hasira zote ziliyeyuka. Nilipanda ngazi mbio nikachukua feni yetu ya mezani, nikaifungua kifuniko kwa kisu, nikazungusha uzi wa cherehani kwenye chuma chake mpaka ikakataa kuzunguka kabisa. Nikafunga fundo la uhakika. Nikavaa buibui jeusi lisilo na urembo wowote, nikajifunga ninja, yakabaki macho tu. Kama desturi, kabla ya kutoka nilisimama juu ya chetezo buibui likaingia moshi wa udi, ule anaouunga shangazi mwenyewe kwa mkono wake. Kisha nikashuka na feni kwapani nikijiona mimi ndiye yule wa juu ya ukuta wa Ngome. Nilipokuwa kwenye tuktuk nilijizuia nisimwambie dereva kwamba niko kazini.

Kibanda chake kilikuwa na mafriji yaliyofunguliwa matumbo mpaka nje ya mlango. Mamake alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki anachambua mchicha. Nilitoa salamu kwa sauti nzito isiyo yangu. Mama aliitikia, akanitazama, akaendelea na mchicha wake. Ninja yangu imefanya kazi, nikajisemea.

Kijana aliipokea feni, akaanza kuilegeza skrubu. Nami nikaanza kumtafutia ila. Nilitazama mikono, misafi kwa fundi. Nikatazama ukutani, hakuna picha mbaya. Mamake alimfokea mbele yangu, "Chai imepoa tena, na mimi ndiye mtumwa wako wa kuipasha?" Nikatega masikio, nikasema sasa! Naye akacheka, "Nilijua utaipasha, mama, ndiyo maana nikaiacha," akainuka akaipasha mwenyewe, akammiminia na mamake. Nilikasirika kabisa.

Halafu akaisogeza feni mwangani.

"Dada, feni hii haina ugonjwa. Kuna mtu kaifunga uzi."

Chini ya ile ninja nilihisi jasho likishuka mpaka shingoni. "Labda ni watoto," nikasema.

"Mtoto ajuaye kufunga fundo hili, mlete nimfunze kazi." Akaukata uzi, akaiwasha, ikazunguka. Nilipotaka kutoa mkoba alitikisa kichwa. "Kazi gani niliyofanya?"

Ikabaki mtego wangu wa mwisho, na huo niliutunga palepale, kwa uchungu. Nikamwambia nasikia waenda Maskati, nasikia umeposa Mji wa Kale. Akasema inshallah, wakinipa. Nikasema, "Si wale wenye dada mkubwa anayechora masanamu? Nasikia ana hasira huyo, nusu mwendawazimu."

Mikono ya mama ikasimama juu ya mchicha. Kijana hakucheka. Alikuwa anaufunga uzi wangu kwenye kidole chake.

"Huyo ndiye nimwogopaye," akasema, "kuliko shangazi wao. Mdogo wake nikimuuliza habari zake kwenye simu, hunieleza za dadake. Nikimpeleka Maskati najua kuna mtu nitamuumiza. Friji nitalitengeneza, feni nitaitengeneza. Hilo halina spana."

Nilichukua feni yangu nikatoka. Sikumbuki kama niliaga. Mama alinifuata mpaka njiani, akanisogelea kama mtu anayetaka kunirekebishia mtandio, akavuta pumzi.

"Udi wenu mzuri, mwanangu," akaninong'oneza. "Tangu siku ile niliyokuja kwenu haujanitoka puani. Mwambie shangazi yako anifunze kuuunga."

Nilisimama kama nguzo. Nimeficha uso, nimebadili sauti, nimeharibu feni nzima, na nimekuja mpaka Tononoka nikinuka nyumba yetu! Kila nyumba na udi wake, mtoto mdogo analijua hilo, na jasusi mkubwa mimi nililisahau. Mama alikuwa akicheka kimyakimya, mabega yakimtikisika. "Na yule mpaka hina mumtumaye," akaongeza, "asubuhi hututumikia sisi. Mimi habari zenu ninazo zote." Nikacheka nami, nikashindwa kujizuia, mpaka ninja ikaninata mdomoni.

Nilirudi kwa miguu. Kicheko kiliniishia njiani, maana nilianza kuifikiria ripoti. Neno moja tu lingetosha. Ningesema alimfokea mamake. Shangazi angenyamaza, kesho yake wangeambiwa msichana bado yuwasoma, na mdogo wangu angelia siku chache kisha angekaa kwenye kiti chake cha dirishani, aniulize hapa asema nini. Hakuna ambaye angejua. Nililibeba neno hilo pamoja na feni, barabara nzima, na lilikuwa zito kuliko feni.

Shangazi alikuwa jikoni, amekaa kitako juu ya mbuzi, anakuna nazi. Mdogo wangu alikuwa ametoka.

"Haya," shangazi akasema bila kuinua uso. "Yuna ila gani?"

Nilifungua mdomo. Nazi ilikuwa ikianguka sinini, nyeupe, laini. Nikamwona mdogo wangu anavyoitazama miguu yake, na mashavu yale.

"Nimetafuta ila," nikasema. "Sikuiona."

"Basi kwisha maneno. Nitampigia babako." Akageuza kifuu, akaendelea kukuna.

Nilishangaa. "Huniulizi zaidi? Hutaki kujua alisema nini?"

"Nikuulize nini? Wote niliowatuma wamenambia mwema. Lakini wao hawapotezi kitu akiwa mwema au akiwa mbaya." Hapo ndipo aliponitazama, kwa mato yale yake makali. "Wewe ndiwe wa pekee uliyetaka kumuona mbaya. Ikiwa wewe hukuona, hapana."

Maziwa yakapanda! Alinituma makusudi! Alijua nitakavyoumia na akanituma kwa sababu nitaumia! Nilishika feni kama nitakayeitupa dirishani, nikafungua mdomo nimwambie yote, na katikati ya hasira hiyo hiyo nikasikia kitu kinafunguka kichwani mwangu. Kwa nini! Lile lile swali la mhariri, na jawabu lake limekaa mbele yangu juu ya mbuzi, lina chembe za nazi kwenye nyusi. Nilimbusu shangazi kichwani, akapiga ukelele kwamba namchafulia nazi, nami nikazipanda ngazi mbili mbili.

Nilichora kama niliyeshikwa na homa. Taa za buluu nikazifuta. Suti nikawavua wote na miwani yao. Idara nikaihamishia jikoni, na mkubwa wake nikamkalisha juu ya mbuzi. Shujaa wangu sasa anatumwa kuisikiliza nyumba ya mtu mmoja, na mtu huyo akionekana mwema atamchukua yule anayempenda shujaa kuliko nafsi yake. Akidanganya, atabaki naye. Akisema kweli, atampoteza. Kwa mara ya kwanza niliuchora uso wake nikijua anafikiria nini, na mkono wangu haukusita. Shangazi alizipitia kurasa, akasema jambo moja tu: "Mbona huyu mkubwa wao mnene hivi?"

Nilizipiga picha nikazituma kwa mhariri. Alinijibu kabla chai yangu haijapoa. Hakuuliza kwa nini. Aliandika: "Ehe! Halafu?" Nilipiga kelele mpaka jirani wa ng'ambo ya uchochoro akafungua dirisha lake kuuliza nani amefariki.

Ukurasa wa mwisho tuliumaliza wakati sanduku la mdogo wangu limeshafunguliwa kitandani, linangoja nguo. Siku ya nikaha ilikuwa imeshawekwa. Kuhusu Tononoka hakujua chochote. Idara ya shangazi haitoi siri, nami nilikuwa nimekula kiapo juu ya sinia la pilau. Alikaa upande wake wa dirisha, feni ikitupepea, akaivuta karatasi. Kwenye kisanduku cha mwisho shujaa amesimama mbele ya mkubwa wa idara. Mdomo uko wazi, kiputo ni kitupu.

"Na hapa asema nini?"

"Andika: Nimetafuta ila. Sikuiona."

Aliandika taratibu, herufi zikajipanga safu. Kwenye neno la mwisho kalamu ikasimama. Alimtazama yule mkubwa mwenye nazi kwenye nyusi. Akamtazama shujaa. Kisha akaigeukia feni, akaitazama inavyozunguka bila hata mlio.

"Feni hii," akasema, "siku ile niliyoikosa mezani uliipeleka wapi?"

"Tononoka."

Aliweka nukta, akaipuliza ikauke. Halafu akainuka, akakibeba kiti chake kutoka dirishani, akakileta upande wangu, na akakaa.